Mbogi za Picha Nairobi: Unalia Picha Yako Imeibwa, Lakini Yule Mama Ulimuuliza?

Jumapili asubuhi ukipita tao utawacheki. Wasee kumi, kumi na tano hivi, wengine na kamera za mitumba, wengine na simu tu. Wanapiga KICC, wanapiga nganya zikiwa steji, wanapiga mzee akisoma gazeti. Jioni picha ziko mtandaoni, laiki zinamiminika.

Usiwachukulie poa. Mutua Matheka alisomea usanifu wa majengo JKUAT, lakini wengi tulimjulia kwa picha za Nairobi alizopiga akiwa juu ya maghorofa. Hizi mbogi za sai zinasoma vivyo hivyo: unaposti, unakosolewa, unarudi tao wiki ijayo. Hakuna karo, hakuna mtihani. Kwa msee aliyeacha chuo kama mimi, hiyo si kitu kidogo.

Sasa noma iko wapi? Iko mbili.

Ya kwanza mnaijua. Unaamka unapata picha yako kwa tangazo la biashara ya mtu, jina lako limekatwa. Hapo sheria iko upande wako. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda picha tangu siku umeipiga, hata kama hujaisajili. Kwa hivyo usifute faili halisi, hiyo ndiyo ushahidi wako.

Ya pili hatupendi kuiongelea. Yule mama mboga wa Gikomba uliyempiga ukaandika "hustle" hapo chini, ulimuuliza? Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, uso wake ni data yake. Septemba 2023, Kamishna wa Data alipiga klabu ya Casa Vera faini ya KSh 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Roma School nayo ikalimwa KSh 4,550,000 juu ya picha za wanafunzi zilizowekwa bila idhini ya wazazi.

Ni kweli, hizo ni biashara, na sheria imeachia sanaa na uandishi wa habari nafasi. Lakini siku kampuni itakulipa doh kwa ile picha ya mama, hiyo si hobi tena. Ni biashara na uso wa mtu.

Na hata tukiweka korti kando, maumivu ni yale yale. Wewe unaskia vibaya jina lako likikatwa, na yeye jina lake halikuwahi kuandikwa.

Dawa si ngumu. Bonga naye kwanza. Kama ulimnasa bila kujua, muonyeshe picha, mtumie kwa simu yake. Akikataa, futa. Mtoto? Tafuta mzazi.

Utapoteza picha kadhaa kali, lakini Jumapili ijayo ukirudi Gikomba, hakuna mtu atakukimbiza.