PUA IMEZIBA, GESI INAVUJA!

Mimi mwenzio mwezi uliopita nimenusurika chupuchupu!

Ilikuwa hivi. Niko sebuleni kwetu Kirumba, nimekolea na mpira kwenye TV. Chai nimebandika kwenye jiko la gesi, upepo ukazima moto. Sina habari! Dada anarudi sokoni, anapiga kelele toka mlangoni: "We kaka, gesi yote hii huisikii?"

Sikuisikia. Pua ilikuwa imeziba miezi minne.

Hapo ubishi ukaisha, nikaenda kwa daktari. Kumbe yale niliyoyaita mafua sugu ni aleji. Kutwa nzima niko Mwaloni napakia dagaa, na vumbi la dagaa si mchezo. Hata wale wadudu wadogo wanaopanda ziwani kama moshi usiwadharau. Kule Sudan, kando ya Nile, ndugu zao waitwao nimitti wamewaletea watu pumu na mafua ya aina hii.

Daktari akanipa darasa. Vumbi likiingia puani, seli za ulinzi zinapiga mbiu ya mgambo. Wa kwanza kutoka ni histamini. Huyu kazi yake fasta: dakika chache tu unawashwa, unapiga chafya, kamasi linachuruzika. Nyuma yake wanafuata lukotrieni, hao ndio wanaovimbisha na kuziba. Halafu saa kadhaa baadaye intalukini, hasa namba 4, 5 na 13, wanaita jeshi la seli nyingine zije zipige kambi. Vumbi limeshaondoka, lakini kambi haivunjwi! Uvimbe ukikaa sana unaweza kuota nyama za puani, na harufu inakata.

Nikamwuliza, "Sasa dokta, mbona Piriton nimezimeza sana?" Akacheka. Piriton inamzuia histamini peke yake, wenzake wanaendelea na sherehe. Faida niliyoipata mimi ni usingizi tu, siku moja nikapitilizwa na daladala hadi Igoma!

Kosa langu kubwa lilikuwa matone ya kuzibua pua. Nilijinunulia dukani, nikayatumia miezi. Kumbe hayo ni ya siku chache tu. Ukizidisha, kila yakiisha nguvu pua inavimba upya, unageuka mteja wao.

Nikaambiwa niache matone, nifunge kitambaa kazini, nipulize dawa ya steroidi puani kila siku. Yenyewe inatuliza kambi nzima, ila haina papara, inataka wiki kadhaa.

Wiki ya tatu nashuka Mwaloni asubuhi, harufu ya dagaa ikanipiga usoni. Washikaji walinishangaa, mtu mzima nachekelea dagaa!

Kwa hiyo wewe unayesema "mafua yangu ni ya kuzaliwa", nenda kapime. Na jikoni usimwamini mwenye pua iliyoziba.

Haya, tukutane wiki ijayo. Ciao!