Motokari ya mbio, ao motokari ya kufika?



Kijana mumoja wa kwaya, anayetumika mugodini, alinijia kiisha ibada. Alinunua motokari ya zamani ya Japani, iliyoingilia Kasumbalesa. Akasema: «Pastere, niliweka makuta kidogo. Nataka kutia turbo, ikimbie kabisa. Lakini njo hiyo itanipeleka ku kazi kila siku, na bibi yangu ku maternite mwezi ujao.»

Nikamuuliza: «Makuta yako utaanzia wapi?» Kijana unayesoma, swali hili ni lako pia. Katika Luka 14:28 Bwana anatuonyesha mutu anayetaka kujenga munara: anaikaa kwanza, anahesabu.

Tuhesabu basi. Ukitoka kilometre 50 kwa saa na kufika 100, nafasi ya kusimama kiisha kukanyaga freni haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara ine. Katika njia ya Likasi na Kolwezi, penye malori ya madini, nafasi hiyo utaipata wapi? Anza na freni. Mafuta yake yanakunywa maji ya hewa polepole. Uyabadilishe kila miaka 2. Kisha mipira: soma namba 4 za pembeni. Ikiandikwa 2319, ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mupira unaweza kuwa na meno mazuri, kumbe umezeeka. Kisha amortisere, juu ya mashimo yetu.

Sasa motere. Lubumbashi iko karibu metre 1 200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Njo maana vijana wanapenda turbo. Lakini turbo inaongeza joto. Kama radiatere imeziba, mukanda wa motere umechoka, na filtere ya hewa imejaa vumbi, nguvu mpya itaharakisha tu kuvunjika. Kwanza rudishia motere nguvu yake ya kuzaliwa.

Nami niliwahi kukosa. Fundi aliniambia nitengeneze radiatere. Mimi nikanunua radio. Siku ya maziko ya muzee mumoja wa kanisa, maji yalichemuka katikati ya njia. Nilifika kaburi limekwisha kufunikwa. Mujane wake hakunilaumu, akanipa kiti tu. Kile kiti kiliniuma kuliko maneno.

Kijana aliandika kwa karatasi: freni, mipira, radiatere, mukanda. Makuta yakaisha pale, turbo ikabaki. Hakufurahi sana, sikufichi. Lakini bibi yake akishikwa na uchungu usiku, ataulizwa tu kama motokari itawaka na itafika.

Nawe, kabla ya kwenda kwa fundi, andika karatasi yako, umuonyeshe na bibi ao muzazi. Mungu awabariki.