Mwaka wa kwanza wa informatiki: masomo machache, kompyuta kila wiki

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vikuu na vyuo vya juu vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo vimekuwa vikiacha mfumo wa zamani na kuingia katika mfumo wa LMD. Zamani, kijana aliyetaka licence ya informatiki alisoma miaka 3 ya graduat, kisha miaka 2 ya licence. Leo licence inapatikana kwa miaka 3. Hesabu yake si ngumu. Mwaka wa kwanza ulikuwa sehemu moja kati ya tano, sasa ni sehemu moja kati ya tatu. Ukipotea, hakuna tena mwaka wa kuufidia.

Lakini si ajabu kukuta idara ya informatiki ambayo imebadilisha majina tu. Graduat ya kwanza imeitwa licence ya kwanza, saa zimeitwa krediti, na orodha ya masomo imebaki ile ile. Mwanafunzi anaanza na utangulizi wa informatiki, ambamo anakariri historia ya mashine na majina ya vipande vyake. Kunafuata uraia, mantiki na ufundi wa kueleza mawazo, uhasibu, uchumi, Kiingereza, na programu za ofisi. Kila somo lina saa chache na silabasi yake ya kununua. Katikati ya msongamano huo ndipo kunaingizwa algoriti, yaani namna ya kupanga hatua za kutatua tatizo moja baada ya nyingine. Mara nyingi algoriti hizo zinafundishwa ubaoni na kutahiniwa kwenye karatasi. Kijana anaweza kufaulu mwaka mzima bila kuandika programu hata moja iliyofanya kazi mbele ya macho yake.

Wazazi wanaolipa minervali hawajui hayo. Wengi wao wanauza sokoni au wanalima, na wengine wanangoja mshahara unaochelewa. Wanaamini mtoto anasoma kompyuta. Ukweli unaonekana mwaka wa tatu, wakati wa kazi ya kumaliza masomo. Hapo mwanafunzi anatafuta mtu wa kumtengenezea programu kwa malipo, kwa sababu yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kujifunza.

Kuandika programu ni kazi ya mikono na akili pamoja, kama ushonaji au ufundi wa umeme. Mtu anajifunza kwa kukosea, kusoma ujumbe wa kosa uliotolewa na mashine, kurekebisha na kujaribu tena. Kazi hiyo inataka muda mrefu na saa zinazorudi kila wiki. Hapo ndipo desturi ya kualika profesa mgeni inaleta madhara makubwa. Profesa anafika kwa ndege, anatoa saa 45 kwa siku chache, anafanya mtihani na kuondoka. Kwa somo la historia, labda mwanafunzi hodari ataokota kitu. Kwa kuandika programu, ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa wiki moja akiwa amekaa kwenye kiti. Mgeni huyo angefaa zaidi katika miaka ya mbele. Mwaka wa kwanza unamtaka mwalimu anayeishi mjini, pamoja na maasistanti wanaojua nani amekwama na amekwama wapi.

Mfumo wa LMD wenyewe unaruhusu mambo kupangwa vizuri. Licence ina krediti 180, yaani 60 kwa mwaka na 30 kwa kila muhula. Krediti haihesabu saa za ukumbini tu, inahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya mwenyewe. Kwa hiyo idara inaweza kuamua kwamba mwaka wa kwanza uwe na masomo machache yenye uzito.

Kwa mfano, muhula wa kwanza ungeweza kuwa na krediti 10 za kuandika programu, 8 za hesabu za mantiki na seti, 5 za kuelewa kompyuta inavyofanya kazi ndani, 4 za Kifaransa cha kueleza na Kiingereza cha kusoma, na 3 za uraia. Jumla ni 30. Muhula wa pili ungeendelea na krediti 9 za programu na namna za kupanga data, 8 za aljebra na takwimu, 5 za mfumo wa Linux na mitandao, 4 za hifadhidata, na 4 za mradi wa kikundi. Jumla ni 30 tena. Kila idara inaweza kubadilisha tarakimu hizi. Muhimu ni kwamba programu na hesabu zibebe zaidi ya nusu ya mwaka, na zifuatane kutoka muhula mmoja hadi mwingine.

Mabishano juu ya lugha gani ya programu ianze yasichukue nafasi ya mpango. Pascal iliundwa na Niklaus Wirth mwaka 1970 kwa ajili ya kufundisha, na imelea vizazi vingi. Chuo cha MIT cha Marekani kilitumia Scheme kwa miaka mingi katika somo lake la kwanza kabla ya kuhamia Python. Mwongozo wa masomo uliotolewa mwaka 2013 na mashirika ya ACM na IEEE haukulazimisha lugha yoyote. Python ina faida kwa anayeanza, kwa kuwa haina mapambo mengi na inaendeshwa hata kwenye mashine ya zamani. Lakini kosa kubwa kuliko kuchagua lugha isiyofaa ni kubadilisha lugha kila baada ya miezi mitatu kwa sababu kila mwalimu anakuja na yake. Lugha moja, mwaka mzima, inatosha.

Jambo lingine ni wanafunzi wenyewe. Katika promosyo moja wanakaa pamoja aliyetoka math-physique, aliyetoka commerciale na aliyetoka pédagogie. Mtihani wa serikali umewapa wote diploma, lakini haukuwapa hesabu zilizo sawa. Mpango usiotambua tofauti hiyo unawatupa wengi nje mwezi wa pili tu. Wiki za kwanza ziwe za kupima kiwango cha kila mmoja, bila alama, kisha wale walio nyuma wapewe saa za ziada na asistanti. Na asistanti asiogope kueleza kwa Kiswahili pale Kifaransa kinapofunga mlango. Mwanafunzi wa Lubumbashi, Bukavu au Bunia anayeelewa kwanza kwa lugha anayoiishi ataandika Kifaransa chake vizuri baadaye.

Viongozi wa vyuo watajibu kwamba kompyuta hazitoshi na umeme unakatika. Ni kweli, na ndiyo sababu mpango unahitajika. Chukua promosyo ya wanafunzi 200 na chumba chenye kompyuta 20. Wakigawanywa katika makundi 10, kila kundi likipata vipindi viwili vya saa mbili kwa wiki, chumba kinatumika saa 40. Kikifunguliwa siku 6, saa 8 kila siku, zinapatikana saa 48. Kila mwanafunzi anakuwa na mashine yake kwa saa 4 kila wiki, na saa 8 zinabaki kwa ajili ya siku umeme ulipokatika. Wakikaa wawili wawili, mmoja akiandika na mwingine akikagua, chumba hicho hicho kinabeba wanafunzi 400. Kompyuta za kubeba zinakula umeme kidogo na hazizimiki papo hapo umeme unapokatika. Na kwenye simu ya Android kunawekwa programu za bure za kuandikia Python, zinazofanya kazi bila intaneti. Kinachokosekana mara nyingi ni ufunguo wa chumba na ratiba inayoheshimiwa.

Mtihani nao ubadilike. Tangu ChatGPT ilipotokea mwezi wa Novemba 2022, kazi ya kufanyia nyumbani haionyeshi tena ni nani aliyeifanya. Dawa yake si kurudi kwenye karatasi. Mwanafunzi aandike programu chumbani mbele ya asistanti, kisha aulizwe dakika tano: mstari huu unafanya nini, na ukiuondoa kitatokea nini? Mradi wa mwisho wa mwaka uwe kitu ambacho watu wa mtaani wanakihitaji. Kwa mfano, daftari la likelemba linaloonyesha nani amelipa, nani amekwisha kupokea na zamu inayofuata ni ya nani. Ndani ya daftari hilo dogo kuna orodha, hesabu, tarehe na hifadhidata. Pia kuna swali la uaminifu, kwa maana ni pesa za watu.

Wapo watakaosema soko linataka watu wanaojua programu za ofisi. Hizo zinafundishwa kwa wiki chache katika vituo vya mtaani, kwa bei ndogo. Chuo kikuu kikitoa kitu hicho hicho kwa mwaka mzima, kinauza kwa bei ghali kile kinachopatikana barabarani.

Nchi imekwisha kujipa sheria ya mambo ya kidijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023. Sheria hiyo itahitaji watu wa kuitekeleza, wanaojua kujenga mifumo na kuilinda. Hao wanaanza kutengenezwa katika mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo kabla ya masomo kufunguliwa, kila idara ya informatiki ikutanishe walimu wake wa mwaka wa kwanza mezani na itoe ukurasa mmoja ubandikwe mlangoni: masomo ni yapi, krediti ngapi, nani anafundisha, na kila kundi linaingia chumba cha kompyuta siku gani na saa ngapi. Mzazi anayekuja kulipa minervali ana haki ya kuuomba ukurasa huo kwanza. Idara isiyoweza kuuonyesha bado haijawa tayari kupokea pesa zake.