Nauli ya Mama wa Nakivale

Ndugu wafanyakazi, tumesoma karatasi ya kuwaelekeza wajumbe wa mkutano wa wataalamu wa afya mjini Mbarara. Washuke Entebbe, wakodi gari, wapite Masaka. Hata Kayabwe, wageni wanakopigia picha mstari wa ikweta, haikusahauliwa. Kampala hadi Mbarara ni yapata kilomita 270, lami tupu.

Lakini mkutano wenyewe unahusu afya ya wakimbizi wa Nakivale. Mama wa Kikongo anayezunguka nyumba kwa nyumba kuandika wagonjwa, ambaye hesabu zake ndizo zitakazosomwa ukumbini, yeye apite wapi? Karatasi iko kimya.

Basi tumwelekeze sisi. Aamke alfajiri, apande bodaboda kutoka Base Camp, avumilie vumbi (wakati wa mvua ni tope, na nauli hupanda) hadi lami ya Isingiro, kisha taksi ya abiria hadi Mbarara. Asisahau kitambulisho, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa haki ya kutembea nchini.

Wakimbizi wa kwanza wa Nakivale walitoka Rwanda baada ya machafuko ya 1959. Tangu hapo watafiti hawajakoma kuja.

Sisi wa mashamba ya chai twalijua jambo hili. Tukiitwa kueleza habari za dawa za kunyunyiza, twarudi na deni la nauli na kibarua cha siku kimepotea. Kwa hiyo twadai mama huyo alipwe nauli na posho kabla ya kuondoka. Asiambiwe alete risiti, maana bodaboda hatoi risiti.