Maumivu Si Mwalimu wa Gitaa

Kijana akishika gitaa kwa mara ya kwanza, washauri hawakosi. Yuko kaka aliyewahi kupiga rithimu kwenye bendi, yuko mwalimu wa kwaya, yuko jirani mwenye gitaa la nyuzi nne zilizobaki. Wote wana nia njema. Lakini baadhi ya wanayoyasema yamewafanya vijana wengi waliache gitaa likae juu ya kabati, na yanarudiwa kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba hayafai kuachwa bila kujibiwa.

La kwanza, na ndilo baya kuliko yote: "Mkono ukiuma, ujue unajifunza."

Hapa yamechanganywa maumivu ya aina mbili. Ncha za vidole vya kushoto zitauma wiki za mwanzo, kwa sababu ngozi ni laini na uzi ni mwembamba. Baadaye sugu huota na shida hiyo huisha. Dawa yake ni mazoezi mafupi ya kila siku, dakika 10 au 15 asubuhi na nyingine jioni, si saa mbili za mfululizo kila Jumamosi. Lakini maumivu ya kifundo cha mkono, ya shina la kidole gumba, au ganzi inayotambaa vidoleni, hayo hayana somo lolote ndani yake. Yakianza, weka gitaa chini. Yasipoisha kwa kupumzika, nenda kwa daktari.

Mara nyingi chanzo chake ni kubana shingo ya gitaa kwa nguvu nyingi kuliko inavyotakiwa. Kiasi kinachotosha unaweza kukipima mwenyewe. Weka kidole cha shahada juu ya uzi wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba zaidi, nyuma kidogo tu ya freti ya tano, yaani kile chuma cha tano kilicholala kukatiza shingo. Usikandamize. Piga uzi kwa mkono wa kulia. Utasikia mlio uliokufa. Endelea kupiga huku ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Mlio utakwaruza, kisha ghafla utasafika. Simama hapo hapo: nguvu yote inayohitajika ndiyo hiyo, na karibu kila anayeanza hushangaa jinsi ilivyo ndogo. Sasa kirudishe kidole nyuma, karibu na freti ya nne, kwa nguvu ileile. Mlio unaharibika tena. Anayeweka kidole mbali na freti hulazimika kukandamiza zaidi, na hapo ndipo mkono unapoanza kuuma.

La pili: "Vidole vyako vifupi, gitaa halikufai."

Django Reinhardt aliungua vibaya kwa moto mwaka 1928, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho, havikurudi kufanya kazi sawasawa. Solo zake zilizolitikisa jazi la Ulaya katika miaka ya 1930 alizicharaza zaidi kwa vidole viwili vilivyobaki. Simtaji ili kumwambia mtoto avumilie. Namtaja kwa sababu alipanga upya njia zake kulingana na mkono aliokuwa nao. Mtoto wa miaka minane mpe gitaa dogo. Mtu mzima mwenye vidole vifupi mara nyingi hahitaji vidole vingine: akishusha kidole gumba nyuma ya shingo na kuinua kichwa cha gitaa kidogo, vidole vyake hufika mbali kuliko alivyodhani.

Hapo tunaingia kwenye la tatu: "Kidole gumba kisichungulie kamwe juu ya shingo." Sheria hii imetoka kwenye gitaa la klasiki, ambako shingo ni pana na muziki wenyewe unadai vidole vitanuke. Huko ni sahihi. Ila Jimi Hendrix alikizungusha kidole gumba juu ya shingo na kukandamizia nacho uzi wa besi, na hakuna atakayesema alikosea. Kidole gumba kinafuata kazi. Kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nyepesi za mwanzo, kama za Sol au Re, kikichungulia kidogo hakuna ubaya. Vidole vikitakiwa kutanuka, au kidole cha shahada kikitakiwa kulala juu ya nyuzi zote, kishuke nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha kati. Kisichofaa kabisa ni mkono wa kushoto kubeba gitaa. Ondoa mkono huo: shingo ikianguka, rekebisha kwanza mkao wako au mkanda.

La nne: "Kodi ya Fa inataka nguvu." Kodi hii imewakatisha tamaa watu wengi kuliko nyingine yoyote, kwa sababu wanajaribu kukandamiza nyuzi sita kwa kidole kimoja. Hebu tuitazame. Uzi wa tatu unashikwa na kidole cha kati. Wa tano unashikwa na cha pete, na wa nne na kidole kidogo. Kidole cha shahada kimebaki na kazi kwenye nyuzi tatu tu: wa sita, wa pili na wa kwanza. Kigeuze kidogo kilalie ubavu wake wenye mfupa, maana upande wa kiganja una mikunjo laini ambamo uzi hudidimia. Kiwiko kikae karibu na mwili, na uzito wa mkono uvute nyuma badala ya kidole gumba kusukuma mbele.

Na kama bado haitoki, lichunguze gitaa lenyewe kabla ya kumlaumu mtu. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema gitaa gumu humkomaza anayeanza. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, uzi wa sita ukipita freti ya 12 kwa umbali wa milimita 4 badala ya 2 na nusu hivi, anayeanza anapigana na kifaa kibovu. Kandamiza uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyopo juu ya freti ya kwanza. Iwe kama unene wa unywele. Ikiwa kubwa, mpelekee fundi aongeze kina cha mifereji ya nyuzi kule kichwani. Ni kazi ndogo.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi: "Mkono wa kulia utajijua wenyewe." Maneno haya yanasemwa Afrika Mashariki na Kongo, ambako gitaa lilijengwa na mkono wa kulia! Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Katanga, kwenye mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, mwaka 1952, alinasa gitaa moja linalosikika kama mawili. Kwa mtindo ule wa Katanga, kidole gumba kinatembeza besi bila kukoma, na kidole cha shahada kinaimba juu yake.

Anayeanza aanzie hapo. Kigasha cha mkono wa kulia kiegemee ukingo wa gitaa, kiganja kining'inie bila kukaza, kidole gumba kitangulie kuelekea shingoni ili kisigongane na cha shahada. Wiki nzima kidole gumba peke yake: uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, mguu ukihesabu. Kisha kidole cha shahada kiingie kati ya mapigo hayo kwenye uzi wa pili. Anayetumia piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, aache ncha ndogo tu ichomoze, na achezeshe kifundo, si kiwiko.

Kwa hiyo ndugu unayefundisha, kanisani, shuleni au barazani, nakuomba: mwanafunzi akikuambia mkono unamuuma, usimwambie avumilie. Sogea, muulize panapouma, utazame anavyoshika.