Fundi Akikuambia "Lazima Tufomati", Muulize Kwa Nini

Wiki jana nilikaribia kumlipa mtu afute sauti ya shosho yangu.

Wacha nieleze. Mimi hukata video kwa laptopu ya ex-UK iliyokuja na SSD ya GB 256. Kama unafanya hii kazi unajua GB 256 ni kama jagi moja la juisi kwa harusi: linaisha kabla halijafika meza ya pili. Ndani yake kulikuwa na kazi za wateja, picha, na rekodi nilizochukua na shosho mwaka mmoja kabla hajatuacha, akisimulia alivyolima na kuuza maziwa mpaka akamsomesha baba yangu.

Nikajinyima miezi minne, nikanunua SSD ya TB 1. Fundi mmoja mjini akahamisha kila kitu. Kompyuta ikawaka vizuri, picha yangu ya mbele ikiwa palepale. Ile SSD ya zamani nikamwachia, akanipunguzia mia tano. Huo ujinga nitaurudia hapa chini.

Nafika nyumbani, naangalia C: GB 237, mstari mwekundu, imejaa kama jana. Roho ikashuka. Nikajua nimeuziwa hewa. Kupiga simu, haishikwi. Kesho yake nikaenda kwa fundi wa karibu na kwetu. Akaangalia kama nusu dakika: "Boss, hapa lazima tufomati tuanze upya. Leta elfu mbili."

Nilikuwa nishatoa simu nilipe. Kisha nikauliza, kama mtoto, "Kwa nini?" Akasema ndivyo inavyofanywa. Nikachukua laptopu yangu nikaenda.

Msimamo wangu ni huu: kufomati kompyuta ya mtu kwa sababu tu nafasi haionekani ni uvivu, na sisi wateja tunauruhusu kwa sababu hatuulizi.

Hakuna mtu alikuwa amenidanganya kuhusu saizi. Kukloni diski ni kuinakili vile ilivyo, pamoja na mipaka yake. Diski imegawanywa vipande, na kila kipande kinaitwa patisheni. Fikiria umehama kutoka ploti ndogo hadi ploti kubwa, lakini umebeba ua wako wa zamani na kuusimamisha kwa kona, vipimo vilevile. Ploti yote ni yako, ila unaishi ndani ya ua mdogo. Ukifungua "Disk Management" kwenye Windows utaiona hiyo ardhi tupu: mstari mweusi, umeandikwa "Unallocated". Kwangu ilikuwa karibu GB 693. (Na usishtuke TB 1 ikisomeka GB 931. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hapo hujaibiwa.)

Sasa si unasongesha ua tu? Ndio, lakini kuna kitu kimoja huwachanganya wengi, hata mafundi. Unabonyeza C upande wa kulia wa mausi, na "Extend Volume" imefifia, haibonyezeki. Sababu ni kwamba Windows hupanua patisheni kwenda kulia tu, kwa nafasi iliyogusana nayo. Na mara nyingi kati ya C na ile nafasi tupu kuna kipatisheni kidogo cha "Recovery", kile cha kufufua Windows ikikwama. Ni kama kibanda cha soja kilichojengwa kwenye mpaka. Huhitaji kubomoa nyumba. Songesha kibanda mpaka mwisho wa ploti, halafu sukuma ua.

Nilivyofanya: kwanza nilinakili rekodi za shosho kwa flashi, na nakala nyingine nikaweka kwa laptopu ya ndugu yangu. Hii hatua usiiruke, hata kama una haraka. Pili, nikahakikisha ninao ufunguo wa BitLocker, kwa sababu kompyuta inaweza kuuitisha ukianza kugusa mambo ya diski. Tatu, nikafungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika reagentc /disable, ili Windows iache kutegemea kile kibanda kwa muda. Nikazima kompyuta kabisa, nikaiwasha kutoka kwa flashi yenye GParted, programu ya bure, nikasukuma patisheni ya Recovery mpaka mwisho. Laptopu ilikuwa na chaji kamili na imechomekwa, maana stima ikipotea katikati ya kusongesha patisheni, utalia. Nikarudi Windows, "Extend Volume" ikakubali, C ikanyooka yote. Nikamaliza na reagentc /enable. Hakuna faili hata moja lililopotea.

Nina rafiki fundi, nikamwuliza mbona wengi hukimbilia kufomati. Alinijibu ukweli: mteja hataki kulipia muda, na ukisongesha patisheni kitu kiharibike, lawama ni yako. Ukifomati, Windows inawaka mpya, mteja anaona kompyuta iko fasta, anashukuru. Namwelewa. Lakini sikia vizuri: hapo kufomati ni salama kwa fundi, si kwako.

Sisemi kufomati ni dhambi. Kama Windows imeoza, imejaa virusi, au unauza mashine, safisha. Lakini hiyo ni dawa ya ugonjwa mwingine. Huwezi kukata mguu kwa sababu kiatu kipya ni kikubwa.

Kwa hivyo ukienda kubadilisha diski, kabla ya kulipa mwambie fundi afungue "Disk Management" mbele yako. Ukiona mstari mweusi, kazi haijaisha, na kupanua C ni sehemu ya kazi uliyolipia. Na diski yako ya zamani rudi nayo nyumbani. Kukloni hakuifuti. Hiyo ndiyo bekapu yako ya kwanza, na ndani yake kuna picha zako na pengine nywila zako. Mimi niliacha maisha yangu yote mezani kwa mia tano, na kama ningelipa ile elfu mbili, nakala pekee ya shosho ingekuwa kwa droo ya mtu asiyeshika simu.

Jana usiku nilizicheza zile rekodi. Kuna mahali anacheka halafu anauliza, "Kwani hiyo simu bado inanasa?" Bado, shosho. Na sasa ina nafasi.