Risasi katika Maji: Tudai Yapimwe Bombani

Ndugu wanachama,

Naomba nafasi kidogo katika karatasi yetu niseme neno juu ya maji ya kunywa. Najua wako watakaouliza, huyu mtu wa reli ana nini na maji? Reli haipiti Kericho mjini, ni kweli, lakini inapita Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, na sisi wa huku tunakunywa maji ya milima ile ile pamoja na ndugu zetu wachuma chai wa Kericho na Bomet. Tena wengi wetu, wa reli na wa chai, tunakaa katika nyumba za kazi. Bomba si letu, hatukulichagua.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi birika letu la bati liliachia mdomo. Mimi ni fundi, basi nikanunua lehemu nikauunga, kazi safi hata jirani akaniletea lake. Zaidi ya mwaka tulichemsha chai humo, na maji ya mtoto ya kunywa. Siku moja nikasoma maandishi ya kile kibanda cha lehemu: sehemu 60 bati, sehemu 40 risasi. Nilikuwa nimeyaona maneno hayo mara nyingi kazini, wala sikufikiri. Birika nikalitupa shimoni, la jirani pia. Nikamtazama mtoto, anacheza, hana alama yo yote usoni.

Na hapo ndipo ubaya wa risasi ulipo. Nasema risasi ile madini, nzito na laini, iliyo ndani ya betri. Haina ladha, haina harufu, maji yanabaki meupe. Haimwangushi mtu kwa siku moja kama kipindupindu. Inaingia kidogo kidogo, inakaa mifupani miaka mingi, na mama akichukua mimba hutoka mifupani ikamfikia mtoto tumboni. Kwa mtu mzima hupandisha damu na kuharibu figo. Kwa mtoto huharibu ubongo, na tumbo la mtoto huivuta mara 4 au 5 kuliko la mkubwa. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Mtu ataniambia, mabomba ya risasi ni ya miji ya kizungu. Kweli, mabomba matupu ya risasi yalitumika sana huko. Mji wa Glasgow, Uskochi, ulikunywa maji laini ya ziwa la milimani kupitia mabomba hayo, na maji laini hula risasi. Mwaka 1978 wakaanza kutia chokaa ili yasiile. Lakini kwetu risasi ina milango yake. Iko katika lehemu ya viungo vya mabomba na michirizi ya mabati. Iko katika shaba ya njano ya bilula, kwa kuwa hutiwa kidogo ili ichongeke upesi. Bomba la chuma hupakwa zinki, na zinki hiyo mara nyingi ilikuwa na risasi ndani yake. Hata baadhi ya mabomba ya plastiki yalitengenezwa kwa dawa ya risasi. Na maji yetu ya nyanda za juu ni laini; kila mama ajua jinsi sabuni inavyofanya povu upesi.

Sasa sikilizeni neno ambalo lilinishangaza mimi. Kuchemsha hakuitoi. Kuchemsha huua wadudu, lakini risasi haifi, maji yakipungua kwa mvuke yenyewe hubaki sufuriani. Klorini nayo haiitoi. Basi bwana mkubwa akisema maji yametiwa dawa, asema kweli, lakini hajajibu swali letu.

(Kuna habari ya kuwafurahisha wachuma chai: mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwamba majani ya chai yenyewe hunasa kiasi cha asilimia 15 ya risasi iliyo majini. Ni jambo zuri, lakini zile 85 twazinywa.)

Kiasi kilichowekwa na Shirika hilo ni mikrogramu 10 katika lita moja. Fundi mwenzangu, piga hesabu: gramu moja tu ya risasi yatosha kufikisha lita 100,000 kwenye mpaka huo. Ni matangi 20 ya lita 5,000.

Tena mahali pa kupima ni pale tunapokinga. Maji yakipimwa kwenye tangi kuu yataonekana mema, maana hayajapita kwenye viungo na bilula. Yanayodhuru ni yale yaliyolala bombani usiku kucha, na hayo ndiyo mama watoto anayokinga saa kumi na moja alfajiri kwa chai na uji. Kwa sasa ndoo ya kwanza iwe ya kufulia na kuosha sakafu, maji ya kupikia yafuate.

Lakini ndoo ya kufulia si kazi ya Chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha kazini na karibu na nyumba alizowapa watu wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema maji safi na salama ni haki. Kule Owino Uhuru, Mombasa, risasi ilitoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, si bombani, na Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanya kazi wa kiwanda hicho na mtoto wake akaugua, ndiye aliyeanza kelele. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufani ikazifuta 2023, Mahakama ya Juu ikazirudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua.

Kwa hiyo naomba matawi yetu, ya reli na ya mashamba, yalete jambo hili mezani katika mapatano yajayo: maji ya nyumba za kazi yapimwe risasi, kwenye bilula, maji ya kwanza ya alfajiri, mjumbe wetu akiwapo, na karatasi ya majibu ibandikwe penye bomba. Mimi nitakuwa wa kwanza kubeba chupa.

Ndugu yenu,
Fundi wa Reli, Kipkelion